Hema la Uzi Mwekundu

Sehemu ya Sita

Kama wiki iliyopita gazeti lilikupita, ngoja nikukatie njia. Naitwa Erick Komba, fundi mabegi na mahema, kibanda changu kipo Mwembesongo hapa Morogoro. Baba yangu ni Mngoni aliyekuja kukata miwa akasahau kurudi Songea. Nina miaka thelathini na moja, na nina wivu. Sisemi wivu kidogo. Nimewahi kumnunia Paskalia siku mbili nzima kwa sababu daktari wa meno alimwambia apanue mdomo zaidi.

Paskalia ndiye mchumba wangu. Ni Mluguru wa Matombo, kazi yake ni kuwapandisha wageni Milima ya Uluguru, na ni mtu wa maneno machache. Mwezi wa kwanza nilipeleka barua ya posa kwa baba yake, Mzee Bartholomeo. Akaisoma, akaikunja, akasema itafika. Nikajiuliza itafika wapi tena, wakati iko mkononi mwake. Mwezi wa tatu mjomba wa Paskalia, Mzee Pazi, akafariki. Nilibeba jeneza lile kwa bega langu hili la kushoto, nikatupa na udongo kaburini. Barua yangu haikujibiwa, na tangu msiba ule Paskalia akaanza kulaza simu kifudifudi.

Basi Alhamisi ile aliisahau simu juu ya cherehani yangu akaenda kununua maji. Ikawaka. Meseji ilitoka kwa Pazi. Ilisema: "Jumamosi nitakuwa pale ufukweni. Huyo mchumba wako usije naye. Nataka tuongee mimi na wewe tu."

Pazi. Yule yule tuliyemzika Matombo. Hapo ndipo tulipoachana wiki iliyopita, msomaji wangu.

Sasa nisikilize. Marehemu hatumi meseji, hilo hata mtoto wa chekechea analijua. Nilikaa na mguu juu ya pedali, nikawaza, nikapata jibu moja tu: Paskalia ana bwana, na amemsevu kwa jina la mjomba wake aliyekufa ili nikiliona nisishtuke. Wapo wanawake wanaosevu mabwana zao kama Fundi Umeme au Mama wa Vikoba, hayo nimeyasikia. Lakini kumficha mwanaume kaburini, hiyo ilikuwa mpya kwangu.

Aliporudi na maji sikumuuliza kitu. Ndiyo ugonjwa wangu huo. Nikiona dogo napiga kelele, nikiona kubwa nanyamaza na kuanza upelelezi.

Safari yenyewe niliijua. Paskalia ana kikundi chao, Miguu Yetu, vijana kumi wa hapa mjini wanaosafiri kwa hela ndogo: sufuria moja, mchele wa kuchanga, kila mtu na shuka lake, na kulala ni ndani ya mahema. Safari hii walikuwa wanakwenda Dar es Salaam, kulala siku mbili kwenye ufukwe wa Kigamboni. Mahema walikodi kwangu, manne makubwa. Alhamisi ile ile, baada ya ile meseji, Paskalia akaomba na la tano, lile dogo la kijani la watu wawili.

"La nani?" nikamuuliza.

"La ziada."

"Ziada ya nani?"

"Erick, nipe hema."

Nikampa. Hema lile lilitoka kwenye mtumba likiwa limechanika ubavu mzima. Nililishona mwenyewe, kwa uzi mwekundu kwa sababu siku hiyo wa kijani ulikuwa umeniishia. Na wakati nalishona nilikuwa nawaza fungate. Niliwaza mimi na Paskalia ndani yake, kule juu milimani, nje baridi na ukungu. Hilo nakiri leo kwenye gazeti, yeye mwenyewe sijawahi kumwambia.

Wakaondoka Ijumaa. Jumamosi asubuhi Lucy, rafiki yake Paskalia, akaweka picha kwenye status. Bahari, meli, na hema la kijani lenye mshono mwekundu. Mlangoni kulikuwa na viatu jozi mbili. Sandozi za Paskalia nazijua, vishikizo vyake nilibadilisha mimi. Jozi ya pili ilikuwa ya kiume, kubwa, imechafuka grisi. Zipu ya hema ilikuwa imefungwa nusu. Na zipu hiyo nayo niliiweka mimi.

Niliivuta ile picha mpaka ikawa madoa matupu. Mteja aliyekuwa anasubiri begi lake la shule akaniuliza kama nina msiba. Nikamwambia bado. Nikafunga kibanda.

Treni ya umeme ilinifikisha Dar kabla hasira haijapoa, na hilo ndilo tatizo la usafiri wa siku hizi. Zamani ungekaa kwenye basi saa nne au tano, ungefika Chalinze ukala mahindi ya kuchoma, ungejiuliza maswali. Mimi nilishuka stesheni damu bado inachemka. Mgongoni nilikuwa na begi kubwa la mteja mmoja aliyelileta nimbadilishie mikanda, kichwani kofia, usoni barakoa niliyoihifadhi tangu enzi za korona. Mfukoni kwenye shati nilikuwa na mkasi wangu mdogo wa kukatia uzi, ule alioninunulia Paskalia sokoni na kuufunga kipande cha uzi mwekundu nisiupoteze. Siendi popote bila mkasi ule. Ukumbuke, utatuhusu baadaye.

Nikavuka na pantoni, nikapanda bodaboda, jioni nikawa nimefika.

Usiufikirie ufukwe wa kwenye kalenda. Kigamboni pale ni ufukwe wa mji wa bandari. Mchanga upo, mivinje ipo, lakini mbele yako meli za makontena zimepanga foleni zinasubiri zamu ya kushusha, na upepo ukigeuka unanusa dizeli kabla ya chumvi. Ndiyo maana kulala pale ni bei chee. Mwenye eneo anakukodisha kipande cha mchanga, choo cha makuti na ndoo ya maji, mengine utajua mwenyewe.

Nikagundua kwamba nimekodisha mahema matano na mimi mwenyewe sina hema. Nilijisogeza upande wa pili wa mivinje, kwenye kundi jingine la wabeba mabegi, wanafunzi kutoka Mbeya waliokuwa njiani kwenda Unguja. Kiongozi wao, dada mmoja mchangamfu anaitwa Veronika, akanipa nafasi kwenye hema la wavulana bila hata kuniuliza natoka wapi. Aliniuliza jina tu. Mdomo wangu ukasema Abdulmajid. Mpaka leo sijui ulilitoa wapi.

Nikakaa nyuma ya mvinje, nikaanza kuangalia.

Nilitegemea mtu mwenye gari. Nilitegemea kitambi, saa ya kung'aa, mtu ambaye mwanamke akikuacha kwa ajili yake unalia lakini unaelewa. Niliyemwona ni kijana kuliko mimi, kuliko hata Paskalia, mwembamba, mikono imejaa makovu. Veronika alishapiga naye soga mchana, akanisimulia bila kuulizwa kwamba kijana yule ni kibarua bandarini, anapanda juu ya meli kufunga makontena kwa nyaya za chuma. Alisema ni mtu mpole sana. Nikamchukia kwa upole wake.

Walikuwa wamekaa wawili tu, mbali na wenzao. Na Paskalia alikuwa anaongea. Paskalia wangu, ambaye nikimuuliza siku imekwendaje ananijibu imekwenda, alikuwa anaongea dakika kumi bila kumeza mate, mikono inacheza, mara anafuta macho. Kijana anasikiliza, ameinamisha kichwa. Hakumgusa hata mara moja. Afadhali angemgusa. Nilimwona mtu asiye na haraka, mtu mwenye uhakika na chake.

Kilichonimaliza kilikuja wakati wa chakula. Walikuwa wamechoma samaki. Paskalia akachagua mkubwa, akamtenga kwenye sahani ya peke yake, akampelekea yule kijana kabla ya mtu mwingine yeyote. Akampa kwa mikono miwili. Na alipokuwa anampa, akapiga goti.

Naomba unielewe. Huyu mwanamke akija kibandani kwangu anakaa kwenye stuli, anakunja nne, anauliza chai iko wapi. Miaka mitatu. Sijawahi kuliona goti lake likigusa chini kwa ajili yangu, na sikuwahi kulidai, kwa sababu niliamini yeye ni mtu asiyempigia goti mtu. Kumbe magoti anayo, ila ameyatunzia mwingine. Maji aliyonipa Veronika nikayamwaga mchangani.

Usiku sina cha kusimulia, sikulala basi.

Alfajiri mtu akanitikisa bega. Alikuwa mmoja wa wale wanafunzi, anaitwa Abdulswamad, kijana wa adabu. Akaninong'oneza kwamba wakati wa sala umeingia, twende tukatawadhe pamoja. Mimi ni Mkatoliki wa ubatizo na kipaimara. Sikutaka kufanyia mzaha ibada ya mtu, nikamwambia tumbo linanisumbua, atangulie. Akanionea huruma, akanipa na ndimu. Nikatoka nje nimeshika tumbo, na ndivyo nilivyojikuta wima mbele ya lile hema la kijani, jua halijachomoza, na huku namwona mwenye viatu vya grisi anakwenda baharini na taulo begani.

Hema lilikuwa tupu. Nilitegemea kumkuta Paskalia ndani, na nilikuwa nimeandaa hotuba. Sikumkuta. Badala ya kujiuliza amelala wapi, nikajiambia kaniwahi, katoka. Mtu mwenye wivu hakosi jibu.

Kulikuwa na shuka, tochi, na begi jeusi la mgongoni. Nikafungua mfuko wa mbele. Mkono ukagusa kitu kizito kimefungwa kwenye kitambaa cheupe. Nikakikunjua. Ilikuwa bangili ya shaba, nene, ya zamani, imesuguliwa mpaka inang'aa.

Bangili. Kwenye kitambaa cheupe. Mwanaume anatembea na bangili ufukweni kwa sababu gani, kama si kwa kumvisha mtu?

Nikairudisha ilipokuwa, na sikufungua mfuko mwingine. Ningefungua mfuko mkubwa leo nisingekuwa naandika haya. Nililibeba begi lote nikatoka nalo.

Sikuwa na mpango. Kwanza nilitaka kulitupa baharini, lakini mimi ni fundi mabegi, jamani, siwezi kulitupa begi zima majini. Hata nilipokuwa nakimbia nalo niliona mkanda wa kulia unakaribia kuachia, nikaufunga fundo ili usikatike. Upande wa pili, kina Veronika walikuwa wameshaanza kupakia mizigo kwenye guta, waiwahi pantoni ya kwanza wakapande boti ya Unguja ya saa moja. Mabegi yalikuwa lundo, karibu yote meusi. Veronika akaniomba nisaidie kufunga kamba. Nikasaidia. Begi lile nililiweka chini kabisa, nikapanga mengine juu yake, nikakaza kamba kwa lile fundo langu la kufungia marobota ambalo halifunguki mpaka ulikate.

Nilitaka arudi kutoka kuoga akute hana kitu. Nilitaka, akitaka kumvisha mtu, amvishe mchanga. Hayo ndiyo yaliyokuwa kichwani mwangu, siyapambi.

Abdulswamad akanishika mkono, akaniombea tumbo lipone. Guta likaondoka. Nilijisikia vizuri kwa muda kama wa kunywa kikombe cha chai.

Saa moja kasoro, Miguu Yetu wakakaa kwenye mkeka, chai na mihogo ya kuchemsha. Yule kijana alikuwa amerudi kutoka kuoga, amekaa katikati yao, hajaingia hata hemani. Paskalia akachukua jagi na beseni, akamnawisha mikono. Goti tena. Mbele ya watu wote, mchana kweupe, goti chini.

Sikujua miguu yangu imefikaje pale. Nikavua barakoa. Lucy aliniona wa kwanza, muhogo ukabaki mdomoni.

"Paskalia," nikasema, "huyu ndiye Pazi?"

Paskalia aligeuka, maji yakaendelea kumwagika kutoka kwenye jagi. Alisema kwa sauti ya chini, "Ndiye. Erick, nakuomba usiongee neno jingine."

Nami nikaongea. Niliongea yote. Nikasema Pazi tulimzika mwezi wa tatu, bega langu bado linakumbuka jeneza. Nikasema Paskalia hana haya, amechukua jina la mjomba wake aliyemlea akampachika hawara. Nikataja hema, nikataja uzi mwekundu, nikataja fungate, watu wote wanasikia. Nikasema na hilo goti. Yule kijana akasimama taratibu, akaniambia kaka tulia, kaa chini unywe chai. Aliposema chai nikampiga kofi.

Lilikuwa kofi zima. Kofia yake iliruka ikaangukia kwenye sufuria ya mihogo.

Hakunirudishia. Vijana wa Miguu Yetu walisimama wote kunivaa, yeye akanyoosha mkono tu, wakakaa. Hapo ndipo nilipoanza kupata baridi. Kibarua wa bandarini, mdogo kwa umri kuliko karibu wote, amenyoosha mkono na wote wamekaa kama wameambiwa na padri.

Paskalia hakupiga kelele. Aliweka jagi chini, akanieleza, na alikuwa anaeleza huku hanitazami. Yule kijana ni mdogo wa mwisho wa mama yake, tumbo moja. Alizaliwa Rogers. Siku ya mazishi alikuwa juu ya meli, akafika Matombo jioni, mimi nimeshaondoka kurudi mjini. Matanga yalipoondolewa, ukoo ukakaa, ukamchagua yeye kushika nafasi ya marehemu kaka yao. Na kwa Waluguru wa kwao, anayeshika nafasi anashika na jina. Tangu siku ile haitwi Rogers tena. Ni Pazi. Ana miaka ishirini na mitano, na ni mjomba wa Paskalia mwenye miaka ishirini na saba, na kila wakionana Paskalia anampa shikamoo. Na pale ufukweni alikuja kwa ajili ya barua yangu ya posa.

Nikauliza, kwa sauti ambayo haikuwa yangu, sasa barua yangu inahusiana nini na mjomba.

"Kila kitu," Paskalia akasema. "Baba yangu ameoa kwetu, Erick. Mimi si wa ukoo wake, ni wa ukoo wa mama. Wa kusema ndiyo ni mjomba. Barua yako baba alimpelekea marehemu, marehemu akafa hajaijibu, ikarithiwa na huyu pamoja na jina."

Kwetu Wangoni baba akisema ndiyo imekwisha. Nimezaliwa Morogoro, nimekula magimbi ya Waluguru maisha yangu yote, nimewashonea mabegi, nimewazikia wafu wao, na jambo hili sikulijua. Wala Mzee Bartholomeo hakuniambia, naye nadhani aliona ni jambo ambalo kila mtu analijua.

Yaliyobaki alinieleza Lucy, kwa ukali. Mjomba ndiye aliyetaka Paskalia aje bila mimi, asikie kwa mdomo wake kama kweli ananitaka, mwanaume asiwepo akamkazia macho. Kuna shamba la ukoo kule Matombo ambalo Paskalia amepewa na mama yake, na atakayemwoa atalima pale, na watoto watakuwa wa ukoo ule. Si jambo la kusemea kwenye simu. Bandarini hawampi ruhusa ya kufika Morogoro mpaka Jumamosi ijayo, ndiyo maana Paskalia akaona atumie safari ya Miguu Yetu. Hema la kijani lilikuwa la mjomba peke yake, kwa heshima. Paskalia alilala na Lucy. Vile viatu kwenye picha ni vya saa mbili asubuhi, mtu na mjomba wake wameingia kuongea, jua kali.

"Na jana jioni alikuwa anakusemea," Lucy akamalizia. "Analia, anakusemea wewe. Msalimie basi mjomba wa watu."

Nilimtazama yule kijana. Alama za vidole vyangu zilikuwa shavuni kwake, nne, zinahesabika. Nikapiga goti kwenye mchanga.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba," akajibu, ameshika shavu.

Mimi nikabaki pale pale chini, na nitakwambia kitu cha aibu. Hata wakati ule, katikati ya aibu yote, kuna sehemu ndogo ndani yangu ilikuwa inafurahi. Goti halikuwa la mapenzi. Paskalia alilia kwa ajili yangu. Nilitamani kucheka. Begi nilikuwa nimelisahau kabisa.

Mjomba akaichukua kofia yake kwenye mihogo, akaikung'uta.

"Kofi nimelipokea," akasema. "Jina hili ninalo miezi michache tu, nimebusiwa mkono, nimepigiwa magoti, nimeombwa mashamba. Wewe ndiye wa kwanza kulipiga kibao. Marehemu angekufukuza papo hapo."

Nikasema angenifukuza, kweli.

"Mimi sikufukuzi. Jana nilimuuliza huyu kama una kasoro. Akaniambia una wivu wa kijinga lakini hujawahi kumdanganya, na mkono wako hauchukui cha mtu. Nikasema wivu tutauvumilia. Mwenye mkono msafi ndiye ninayemtaka kwenye shamba la dada zangu."

Paskalia akanitazama kwa mara ya kwanza tangu nifike. Macho yalikuwa mekundu, lakini kulikuwa na kitu kinaanza kulegea mdomoni mwake. Nilijua nikikaa kimya dakika tano tu, nimeoa.

"Jibu nimeshaliandika," mjomba akaendelea. "Jana usiku, kwa tochi, nyuma ya barua yako ile ile. Nalisoma hapa mbele ya mashahidi hawa, halafu Jumamosi nalisoma Matombo mbele ya dada zangu, nimevaa bangili ya marehemu. Bila bangili ile neno langu ni la Rogers tu, hakuna atakayelisikiliza. Paskalia, mwanangu, niletee begi langu."

Paskalia akainuka haraka, karibu anakimbia.

Nilitaka kusema. Mungu ni shahidi yangu, mdomo niliufungua. Mjomba akadhani nataka kuomba msamaha tena, akanipigapiga bega, akanimiminia chai kwa mkono wake mwenyewe. Nikakipokea kikombe kwa mikono miwili. Lucy akasema ona bwana harusi na adabu zake, wakacheka wote, na mimi nikacheka.

Kule kwenye mlango wa bandari honi ikalia. Boti ya saa moja ilikuwa inatoka, nyeupe, ndefu, inapita mbele yetu kati ya zile meli zilizotia nanga. Watu wadogo wadogo walikuwa wamesimama juu. Vijana wa Miguu Yetu wakainuka kuwapungia mikono wale marafiki zao wa Mbeya.

Paskalia akatoka hemani. Begi hana. Alikuwa anatembea taratibu kuliko alivyokwenda, amefumba mkono wa kulia. Alifika mpaka kwenye mkeka, akapiga goti mbele ya mjomba wake, akafumbua mkono, akaweka chini kile alichokikuta juu ya shuka.

Ulikuwa mkasi mdogo wa kukatia uzi, umefungwa kipande cha uzi mwekundu.

Nilishika mfuko wangu wa shati, nikajua tu. Wenzetu walikuwa bado wanapunga mikono. Mjomba Pazi aliutazama mkasi, akanitazama mimi, akaweka kikombe chake chini.

"Erick," akaniuliza kwa upole ule ule, "begi liko wapi?"

Nikanyoosha kidole baharini.